Bi Mkunga Anajibu: "Nikimpeleka hospitali si watamfunga?"

Shikamoo Bi. Mdogo wangu ana miaka 19, alikuwa na mimba ya miezi miwili hivi, bila kutuambia akaenda kwa mama mmoja mtaani akapewa vitu vya kunywa na kuna kitu aliingizwa. Leo siku ya tatu damu haikati, mwili wa moto, usiku anatetemeka. Mama anasema tumkande na maji moto tu, tukimpeleka hospitali wataita polisi. Nifanye nini? – Dada mtu, Kilifi

Marahaba mwanangu. Wewe nilikupigia siku ileile ujumbe wako ulipoingia manake haikuwa ya kungoja gazeti litoke, na kwa ruhusa yako nimeichapisha kwa sababu najua sa hii kuna nyumba nyingine msichana amelala anavuja damu na mlango umekomewa, watu wanaogopa majirani kuliko wanavyoogopa kifo.

Nilichokwambia ndicho nawaambia wote: mpeleke sasa hivi, usingoje kuche. Homa na kutetemeka baada ya mimba kutoka maana yake uchafu umeingia kwenye kizazi, na ukishaingia kwenye damu mambo yanakwenda mbio sana, mtu anaongea nawe alfajiri na jioni hana fahamu. Maji ya moto hayaondoi kitu hicho. Na hata kama hana homa, damu ikilowesha pedi kubwa 2 kwa saa moja na saa ya pili ikawa hivohivo, au tumbo limekaza halitaki kuguswa, au uchafu unanuka, au anaona kizunguzungu akisimama, usiulize mtu, tafuta bodaboda, tafuta tuktuk, nenda.

Akifika watamwekea dripu, watampa antibiotiki za mshipa, watapima damu kama imeshuka sana aongezwe, halafu watamsafisha. Najua neno hilo linatisha lakini siku hizi mabaki yanatolewa kwa mrija wa plastiki na bomba la kuvuta kwa mkono, au kwa vidonge, sio kukwanguliwa na chuma kama zamani, na kazi yenyewe mara nyingi haimalizi robo saa. Dawa ya maumivu ni haki yake. Nimefanya kazi wodi za akina mama na nimesikia kwa masikio yangu nesi akimwambia msichana "vumilia, mbona wakati wa kuipata hukulia", na nasema wazi huo sio uuguzi, ni kumwadhibu mgonjwa. Akiambiwa hivo mwite msimamizi wa wodi.

Jambo lingine, waambie ukweli alikunywa nini na aliingizwa nini. Kama ni kijiti au waya anahitaji sindano ya pepopunda na pengine wamwangalie kama kizazi kimetoboka, wasipojua watamtibu nusu. Na kabla hajatoka azungumze nao kuhusu kupanga uzazi, manake mimba ikitoka yai linaweza kurudi ndani ya wiki 2 tu, hata kabla hajaona mwezi wake, na hapa ndipo wengi wananaswa tena.

Sasa hilo la polisi. Katiba yetu ya Kenya ya 2010 kifungu cha 43 inasema kila mtu ana haki ya afya pamoja na afya ya uzazi, na inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haikusema isipokuwa aliyetoa mimba. Damu inayovuja ni dharura, basi. Kifungu cha 26 ndicho kinachosema kutoa mimba hakuruhusiwi, lakini watu husoma hapo wakaacha, wakati kinaendelea kusema isipokuwa pale mhudumu wa afya aliyefunzwa anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha ya mama au afya yake iko hatarini, au kama sheria nyingine imeruhusu. Neno afya limo humo, sio maisha peke yake. Na Sheria ya Afya ya 2017 imetaja huyo mhudumu ni nani: daktari, nesi, mkunga, klinikal ofisa.

Siwezi kukudanganya kwamba hofu ya mamako haina msingi. Hukohuko Kilifi mwaka 2019 kuna msichana wa shule alipata matatizo ya mimba akatibiwa na klinikal ofisa, polisi wakaingia kliniki wakawakamata wote wawili, mgonjwa na aliyemtibu. Kesi ikaenda hadi Mahakama Kuu ya Malindi na Machi 2022 jaji akasema kuwakamata vile haikuwa sawa, na kwamba huduma hii inalindwa na Katiba. Hukumu ilikatiwa rufaa na mabishano ni marefu, kwa hivo mimi nawaambia msishikilie hukumu moja, shikilieni Katiba, matibabu ya dharura hayana masharti. Ukikumbana na askari mlangoni, matibabu kwanza, halafu piga simu kwa mawakili wa kina mama, FIDA Kenya husaidia bila malipo wasiojiweza.

Bi, mwanangu ana miaka 14. Jirani alimharibu, hatukujua mpaka tumbo lilipoanza kuonekana, ni miezi 3 sasa. Hospitali moja wamenambia hawawezi kumsaidia serikali imekataza, nimpeleke tu kliniki ya wajawazito. Mtoto halali, anasema atajiua. Wazee wanataka tuyamalize nyumbani. – Mama mwenye uchungu

Pole mamangu, pole sana. Nimeisoma barua yako nikaiweka chini nikaichukua tena.

Kwanza kabisa usimwache peke yake hata kidogo na ficha dawa na sumu zote nyumbani, mtoto akisema atajiua mwamini. Na hilo mwambie daktari kwa maneno hayohayo, manake afya ya akili nayo ni afya.

Ulichoambiwa hospitalini sicho. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa namna wahudumu watakavyosaidia akina mama katika hali zinazoruhusiwa, Desemba 2013 ukaondolewa, na wahudumu wakaambiwa wasihudhurie hata mafunzo. Huko ndiko woga ulikotoka. Kuna binti mwingine, mahakama ilimwita JMM kumficha jina, alinajisiwa 2014 akiwa na miaka 14, kama wako. Hakupata pa kwenda, akatolewa mimba kwa njia mbaya, akazunguka hospitali hii na ile, figo zikaharibika, akafariki Juni 2018. Mamake na FIDA waliishtaki serikali, na Juni 2019 majaji 5 wa Mahakama Kuu Nairobi waliamua kwamba kuondoa ule mwongozo kulivunja haki za wanawake, na kwamba aliyebakwa akapata mimba anaweza kutolewa mimba hiyo iwapo mhudumu aliyefunzwa ataona maisha au afya yake, ya mwili au ya akili, iko hatarini. Mamake alipewa fidia ya shilingi milioni 3. Hela hizo hazikumrudisha mtoto, lakini maneno ya hukumu yapo na wewe unaweza kuyataja.

Kwa hivo rudi, tena hospitali ya rufaa ya kaunti, uliza kitengo cha waathiriwa wa dhuluma za kingono, omba daktari ampime mwili na akili na aandike maoni yake kwenye faili. Maoni hayo ndiyo yanayofungua mlango. Nenda mapema, kila wiki ikipita jambo linakuwa gumu zaidi kwa mwili wake. Na umuulize mwenyewe anataka nini, msiamue juu ya kichwa chake. Akichagua kuibeba, nalo ni lake na asaidiwe vilevile, asitolewe shule.

Wazee waambie hapana. Kunajisi mtoto sio deni la mbuzi. Ripoti polisi upewe namba ya OB, yaani ya daftari lao la matukio, na fomu ya P3 ambayo daktari huandika majeraha, hospitali ijaze fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa.

Na wengine mnaosoma, likitokea hili msingoje tumbo. Asioge, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, afike hospitali ndani ya saa 72 apewe dawa za kuzuia ukimwi, ambazo atameza siku 28. Vidonge vya kuzuia mimba, hivi tunavyoita P2, vinafanya kazi vizuri akimeza mapema, ingawa hata mpaka siku ya 5 atapewa. Laiti kila mtoto angefika kwa wakati tusingekuwa tunaandika haya.

Mbona gazeti linatetea uuaji? Mkiwafundisha wasichana haya watazidi kuzini. – Msomaji, Mombasa

Ndugu yangu, simshawishi mtu atoe mimba na sijawahi. Lakini utafiti wa Wizara ya Afya na wenzake ulikadiria mwaka 2012 peke yake mimba 464,690 zilitolewa Kenya, na karibu wanawake 120,000 walifika hospitali wakiwa na madhara yake. Wakati huo kanuni ya adhabu tuliyoachiwa na mkoloni ilikuwepo na mpaka leo ipo, kifungo cha miaka 14 kwa anayemtoa mtu mimba na 7 kwa mwenye mimba, na haikuwazuia. Iliwasukuma tu kwa mama wa mtaani. Mwenye pesa anaenda kliniki nzuri analala kwenye shuka safi, sheria inamkuta maskini. Na wengi wao sio wasichana wa kuzini kama unavyofikiria, ni wake za watu wenye watoto nyumbani. Ukiogopa mimba zitolewe tusaidiane njia za kupanga uzazi zipatikane kila zahanati, hapo tuko pamoja, na hata masheikh wengi wanakubali mama aokolewe uhai wake ukiwa hatarini.

Mimi niko Tanga. Mimba yangu ilitoka yenyewe, naogopa kwenda watasema nimetoa. Sheria yenu inanihusu? – Mama Z.

Sheria yetu haikuhusu mpenzi, huko Tanzania sheria ni kali zaidi, inakubali pale tu maisha ya mama yanapookolewa. Nchi yenu iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, ambayo inataja pia mimba ya kubakwa na ya maharimu, ila sheria za ndani bado hazijafuata na hapo ndipo kina mama wa huko wanapopigania.

Lakini wewe swali lako ni jepesi. Mimba kutoka yenyewe ni jambo la kawaida kabisa, katika kila mimba 10 zinazojulikana moja au zaidi hutoka, na hospitali za serikali huko zinatoa huduma baada ya mimba kuharibika, kwa jina hilohilo, iwe ilitoka vipi. Matibabu ni yaleyale. Nenda kesho asubuhi na kadi yako ya kliniki, waeleze damu ilianza lini na umebadilisha pedi ngapi, na kama damu yako ni grupu hasi, kama vile O- au A-, usisahau kuwaambia.