Sola ya plastiki na koti lake: maswali na majibu

Nikipaka vanishi ya mbao juu ya sola ya plastiki, itadumu?
Hapana. Ni mara ya tatu najibu hili.

Mwalimu, shikamoo. Chupa ya plastiki haivuji, sasa kwa nini seli za polima, yaani sola za plastiki, zihitaji koti jingine?
Marahaba. Haivuji maji, lakini mvuke unapenya. Utando wa kawaida wa PET, plastiki ya chupa hiyo hiyo, hupitisha gramu kadhaa za mvuke kwa mita ya mraba kila siku. Seli ya kikaboni, ndiyo hiyo sola ya plastiki, inataka mvuke usizidi sehemu ya elfu ya gramu, na pungufu ya hapo ndiyo salama. Ndipo inapoingia oksidi ya alumini, inayojengwa tabaka la atomi juu ya tabaka, kwa mbinu aliyoibuni Tuomo Suntola wa Finland mwaka 1974. Unene wake ni nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) makumi machache tu. Adui wake ni vitundu: kimoja usichokiona kwa macho kinatosha kuozesha elektrodi, tabaka linalokusanya umeme, na doa linapanuka kila siku. Kwa hiyo mafundi hupishanisha oksidi na polima, vitundu visikabiliane, mvuke uhangaike kutafuta njia. Halafu kuna kingo! Watu wanaziba uso vizuri, ubavuni wanaacha wazi, kisha wanalaumu koti.

Si bora utando uwe mnene zaidi?
Oksidi nene hupasuka ukiikunja. Kama hukunji, tumia kioo.

Ikizibwa kabisa, haitaharibika tena?
Itaharibika. Koti halizuii joto, na molekuli zilizochanganywa ndani hujipanga upya zikipata joto. Miale ya urujuanimno nayo inataka kichujio chake.

Maabara wamepita asilimia 19 ya mwanga kuugeuza umeme. Mbona Kariakoo hatuzioni?
Asilimia, asilimia! Hakuna anayeniuliza baada ya saa ngapi. Kipimo cha kweli ni nyuzi 85 na unyevu asilimia 85 kwa saa 1,000. Muuzaji asiyekuonyesha hicho, mwache na paneli yake. Konarka ya Marekani, kampuni ya sola za plastiki, ilianzishwa 2001, Alan Heeger mwenye Nobeli akiwa miongoni mwa waasisi, ikafilisika 2012. Bei ya paneli za silikoni, zile za kawaida, ilikuwa inaporomoka, kweli, lakini nani ataacha dhamana ya miaka 25 achukue kitu cha miaka michache?

Naweza kupima koti mwenyewe?
Maabara huweka kalsiamu chini ya utando: inang'aa kama kioo cha kujitazamia, mvuke ukiifikia inaanza kupitisha mwanga, nao wanahesabu kasi. Jikoni kwako itakwisha kabla hujafunga utando.