Kabla ya Kununua Praima, Uliza Kiumbe Chako Kinazaa Vipi

Vijana wa huku kwetu Malindi wanaosomea baiolojia au kilimo, wakifika hatua ya utafiti wa shahada, hunijia na swali lile lile: ninunue praima gani, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili? Wengine wameshaandaa orodha ya alama 20, yaani sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya kiumbe na kiumbe, bei wameipigia hesabu hadi senti ya mwisho, na mashine ya kusomea wanaijua kwa jina. Ukimuuliza mmea wake unachavushwa na nini, anakutazama tu.

Nimefanya kazi na alama hizi za virudio kwenye mikoko ya Lamu, kwenye maembe ya hapa Malindi na kwenye kuvu ya nafaka. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba namna kiumbe kinavyozaa ndiyo itakayokuamulia alama ya kutumia, sampuli za kuchukua na hata programu ya kuchambulia. Praima zisubiri kidogo.

Kwa asiyezijua: ndani ya DNA ya karibu kila kiumbe kuna mahali ambapo herufi chache, kuanzia 1 hadi 6, zimerudiwa mfululizo, GAGAGAGA au ATCATCATC. Mahali hapo huitwa maikrosateliti. Kimeng'enya kinachonakili DNA kikifika hapo hukanganyika, kama mtu anayevuta tasbihi huku anapiga soga: mara punje imerukwa, mara imehesabiwa mara mbili. Ndiyo maana mti huu una virudio 12 na jirani yake ana 15. Kushoto na kulia kwa virudio kuna herufi zisizobadilika ovyo. Praima hushika hapo, kisha PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi maabara, inakutolea kipande unachoweza kukipima urefu. Mti uliorithi 12 kwa mama na 15 kwa baba utakuonyesha vyote viwili, na sifa hiyo ndiyo iliyowafanya watafiti wazikimbilie tangu mwaka 1989, zilipoanza kusomwa kwa PCR.

Ipo na njia nyingine ya bei nafuu, ISSR, iliyoelezwa mwaka 1994. Praima yake yenyewe ni virudio, kwa mfano AG mara 8 na T mwishoni, na inachonakili ni kipande kilichokaa katikati ya virudio viwili. Huhitaji kujua chochote kuhusu jenomu, yaani DNA yote, ya mmea wako. Jeli ya agarosi na taa ya UV zinatosha. Lakini bendi, yaani mstari wa DNA kwenye jeli, ikionekana huwezi kujua imetoka kwa mzazi mmoja au kwa wote wawili. Halafu praima hiyo haibagui: DNA yoyote iliyomo kwenye kichupa, inaidaka.

Sasa twende Lamu, ambako kuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Sisi wengine tunasema "mikoko" tukamaliza, lakini wakataji wa Lamu hawachanganyi: kuna mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, muia, mlilana, mkomafi. Yajue majina hayo kabla hujapanda mashua, maana nahodha atakupeleka kwenye mti ulioutaja, si ule uliokuwa nao kichwani kwa Kilatini.

Mkoko, yaani Rhizophora mucronata, chavua yake hubebwa na upepo, na mbegu yake huota ingali juu ya mama. Ikianguka maji yakiwa yametoka, hujichoma kwenye tope pale pale chini ya mama. Ikianguka maji yamejaa, inaelea na kwenda inakokwenda, na inaweza kuishi majini kwa wiki nyingi. Mchu, Avicennia marina, ni mti wa nyuki. Basi hata katika hori moja, yaani mkono mmoja wa bahari, miti hii miwili imesafirisha jeni zake kwa njia tofauti, na matokeo ya mmoja huwezi kumbebesha mwenzake.

Ukikata majani kwenye miti iliyo karibu na mashua kwa sababu tope linatisha, umekusanya familia moja. Alama zako zitasema kweli kwamba hapo hakuna tofauti, na wewe utaandika kwamba Lamu nzima haina tofauti. Mzee mmoja mkataji boriti, kule kisiwani Pate, alinitazama nikipanga mifuko yangu akasema, "Mwanangu, hii yote uionayo ni ya mama mmoja. Ukitaka wageni, tuvuke mkondo." Sijasoma mwongozo wa kukusanya sampuli unaosema jambo hili kwa ufupi kama huo. Tukavuka. Tangu hapo kila ninapokwenda namtafuta kwanza mtu anayeijua hori, ndipo natoa GPS.

Kwa kawaida lenga miti 20 hadi 30 kila eneo, iliyoachana vya kutosha, na uandike mahali pa kila mmoja. Ukitaka kulinganisha Lamu na hori ya Mida pale Watamu, kumbuka misimu. Wakati wa kusi mkondo wa bahari hupanda kaskazini kwa nguvu, na wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hushuka ukakutana nao karibu na pwani yetu ya juu. Mbegu inayoelea haiendi upande mmoja mwaka mzima, kwa hiyo usichore mshale mmoja kwenye ramani yako ukadhani umemaliza.

Jani lenyewe lina mambo yake. Mchu hutoa chumvi kwenye majani, na jua likipanda utaiona imeganda punje ndogo ndogo zinazokwaruza kidole. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, kisha kata kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kutoka kwenye jani changa. Kiweke kwenye bahasha ya karatasi ndani ya mfuko wa silika, silika iwe na uzito mara 10 wa jani au zaidi. Joto la Lamu lina unyevu na silika huchoka upesi, hivyo beba ya ziada. Jina la sampuli liandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu ukiguswa na ethanoli unakuwa wingu la buluu, na sampuli isiyo na jina ni takataka tu.

Kwenye maabara mikoko ni sumbufu kwa sababu imejaa tanini na ute. Njia ya kutoa DNA kwa kemikali ya CTAB, kwenye nyuzi joto 65, bado ndiyo ninayoiamini, mradi uongeze PVP na beta-mekaptoethanoli za kupambana na tanini, na hiyo ya pili uifungulie ndani ya kabati la moshi ukitaka kubaki na marafiki. Ukipata DNA yenye rangi ya chai, usilaumu praima PCR ikikataa. Ipunguze kwa maji mara 10, ikibidi mara 50, ujaribu tena. Mara nyingi DNA ipo, ila imekuja na vitu vinavyomzuia kimeng'enya kufanya kazi.

Hapa ndipo ile ISSR isiyobagua inapoleta matata. Ndani ya jani la mkoko linaloonekana safi kabisa kuna kuvu zinazoishi humo bila kuliuguza. Praima ya ISSR itanakili DNA ya mti na ya kuvu kwa pamoja, na bendi utakazozihesabu kama tofauti za miti huenda ni za wapangaji. Maikrosateliti zilizotengenezwa kwa mti huo hazina sana tatizo hilo. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kama kuna praima za maikrosateliti zilizochapishwa kwa spishi yako au ndugu yake wa karibu, azima hizo. ISSR itumie kupima upepo, au pale ambapo kweli hakuna lingine. Na jiandae, kwa sababu wahariri wengi siku hizi hawaridhiki na ISSR peke yake.

Kuhusu fedha, msipoteze hela kununua praima zote zenye rangi ya kung'aa, ile inayoiwezesha mashine kukiona kipande. Tangu mwaka 2000 kuna ujanja unaojulikana: praima ya mbele ya kila alama unaiongezea mkia uitwao M13 wenye herufi 18, halafu unanunua praima moja tu ya M13 yenye rangi, na hiyo moja inatumika kwa alama zako zote. Kumbuka tu kwamba vipande vyako vitakuwa virefu kwa herufi 18 kuliko vya waliotangulia, usije ukadhani umegundua alele mpya, yaani urefu mpya wa alama hiyo.

Maembe nitayapitia haraka. Miembe ipo ya makundi mawili: ile ambayo kokwa moja hutoa chipukizi moja, na ile ambayo kokwa moja hutoa kadhaa. Katika kundi la pili, machipukizi mengi ni nakala ya mama, hayana baba. Kwa hiyo unaweza kukuta miembe kumi katika mashamba kumi, alama zote zinalingana, na hakuna kosa lolote lililofanyika maabara. Halafu kuna upandikizaji. Mkulima wa Malindi akipandikiza embe aina ya apple juu ya mche wa kienyeji, mti mmoja una watu wawili. Chuma jani juu ya kovu la pandikizi, na muulize mwenye shamba, "Shangazi, huu ulipandikiza au uliota wenyewe?" Atakujibu na kukutajia ulikotoka, na mwaka pia.

Kuvu ndiyo iliyonifundisha kuheshimu suala la uzazi. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi Makueni na Kitui, kati ya wagonjwa 317 walioorodheshwa. Kuvu iliyohusika, Aspergillus flavus, ina aina zinazotoa sumu na aina zisizotoa kabisa. Bidhaa ya Aflasafe KE01 ni mchanganyiko wa aina 4 za humu humu Kenya zisizo na sumu, zinazomwagwa shambani ziwanyang'anye nafasi wale wabaya. Kuzitambua aina hizo na kuzifuatilia baada ya kumwagwa ni kazi ambayo maikrosateliti huifanya vizuri.

Lakini kuvu hii ina seti moja tu ya kromosomu, na shambani huzaana zaidi kwa kujinakili. Kila alama inapaswa kukupa kilele kimoja kwenye mchoro wa mashine, yaani kipande cha urefu mmoja. Ukiona viwili, usifurahi kwamba umepata heterozigoti, kiumbe chenye alele mbili tofauti. Kuna uwezekano mkubwa kwamba sahani yako ina kuvu mbili. Rudi nyuma: punguza mbegu za kuvu kwenye maji, mimina juu ya agari isiyo na chakula, asubuhi yake tafuta kwa hadubini mbegu moja iliyoanza kuchipua, ihamishe peke yake. Ni kazi ya kuumiza shingo na haina njia ya mkato. Na kabla ya yote hakikisha spishi kwa ITS, sehemu ya DNA inayotumika sana kutambulisha kuvu, ila kwa Aspergillus ongeza na jeni ya kalmodulini, kwa kuwa ITS peke yake haiwatenganishi ndugu wa karibu.

Kwenye uchambuzi, programu ya STRUCTURE ambayo kila mtu anaipenda imejengwa juu ya dhana kwamba viumbe vinapandana huru. Ukiipa kuvu inayojinakili itakuchorea rangi nzuri zisizo na maana. Tumia poppr ndani ya R, programu ya takwimu, iliyotengenezwa kwa ajili ya viumbe vya namna hii. Itakuruhusu kubakisha nakala moja ya kila aina kwa kila shamba kabla ya kupima uhusiano wa alama. Idadi ya nakala zilizoondolewa nayo iandike, maana aina moja kutawala shamba zima ni habari muhimu kuliko wastani wowote.

Kusoma vilele ni kipaji kinachokuja kwa macho. Virudio vya herufi mbili huleta kivuli, vilele vidogo vinavyotangulia kile kikubwa kwa hatua za mbili mbili. Taq, kimeng'enya cha PCR, nayo hupenda kuongeza A mwishoni, basi kipande hicho hicho leo ni herufi 182 kesho ni 183. Weka sampuli ile ile ya marejeo kwenye kila sahani ya PCR, na urudie angalau sampuli moja katika kila kumi tangu mwanzo, si baada ya kuulizwa. Ukiona mti baada ya mti una alele moja tu kwenye alama fulani, usikimbilie kusema wamezaana ndugu kwa ndugu. Huenda praima imeshindwa kushika alele ya pili kwa kuwa herufi za pale zimebadilika. Linganisha na alama nyingine: undugu wa kweli huonekana kote, hitilafu ya praima hubaki mahali pamoja.

Vibali vianze mapema: NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa utafiti, NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa rasilimali za kijenetiki chini ya kanuni za 2006, na watu wa misitu kwa mikoko. Sampuli zangu ziliwahi kuzuiwa kwenye ghala moja la mizigo hadi silika ikageuka rangi, kisa afisa aliyetaka muhuri ambao wenzake wote hawakuujua. Tangu hapo nagawanya kila jani mafungu mawili, moja linabaki Malindi.

Mwisho, kwa vikundi vya kina mama na vijana mnaopanda mikoko, maana nanyi huniuliza haya yote yanawahusu nini. Mnapookota mbegu za kitalu, msijaze gunia chini ya mti mmoja wenye kuzaa sana. Okoteni chache chache chini ya miti mingi iliyoachana, ndani ya hori yenu au ya jirani, na kila kiroba kiandikwe kimetoka wapi. Mkiweza, okoteni katika miezi tofauti ya msimu, kwani miti haiangushi mbegu yote siku moja.