Uliza Tukujibu: Semina yangu wakulima wanasinzia

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni afisa ugani huku Kongwa, Dodoma. Mwezi wa 4 natakiwa niendeshe semina ya siku moja ya wakulima kama 50 hivi, mada ni sumukuvu (ile sumu inayotokana na kuvu, yaani ukungu wa nafaka) na kuhifadhi mahindi. Ya mwaka jana iliniangusha, nilikuwa na slaidi kibao umeme ukakatika, baada ya msosi nusu wanasinzia nusu wanauliza posho inatoka saa ngapi. Safari hii nifanyeje? Na hiyo posho niisemeje? (Jina kapuni, Kibaigwa)

JIBU: Nzuri kaka, na pole. Ila umeme usiusingizie, hata ungekuwepo hao watu wangelala tu. Mkulima wa Kibaigwa anaepeleka mahindi yake pale soko la kimataifa anayajua mahindi kuliko mimi, na mengine hata kuliko wewe, sasa umkalishe kutwa nzima unamsomea ukutani maana ya kuvu jamani.

Kabla hujaandika chochote jiulize, akitoka hapo huyu mtu akafanye nini nyumbani ambacho leo hafanyi? Kitu kimoja, sana sana viwili. Kwa mada yako mie naviona viwili: kujua mahindi yamekauka kweli au bado, na kufunga ile mifuko isiyopitisha hewa (PICS) inavyotakiwa. Yasiyosaidia hayo mawili yatoe, na jina la kisayansi la kuvu liwe la kwanza kutoka.

Kwa nini wajali, hapo dakika 10 zinatosha. Mwaka 2016 huko huko Dodoma na jirani zenu Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki, na Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Sema pia kwamba kupika ugali hakuiondoi hiyo sumu, maana lazima utaulizwa. Na kama yupo mtu aliyefiwa, usimsimamishe mbele za watu asimulie, sio vizuri.

Halafu ingia kwenye kazi ya mikono. Wagawe makundi ya watu 7 au 8, kila kundi chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa, mahindi mpaka theluthi ya chupa na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, watikise dakika kadhaa waache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado mabichi, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda sio kwamba ndo tayari, yaanikwe tena yashuke mpaka 13 hivi, kwa hiyo kama ofisini kuna mashine ya kupima unyevu nenda nayo walinganishe. Makundi mengine wape mahindi uliyoyanyunyizia maji jana yake bila kuwaambia, wabishane wenyewe kundi gani limepewa yapi. Hapo halali mtu! Na wakitaka kubishana kwa Kigogo waache, wewe tafuta mtu wa kukutafsiria.

Mifuko iweke baada ya chakula, wakiwa wamesimama, yaani saa ya usingizi ndo uwape kazi. Wajaze, watoe hewa, wasokote shingo ya nailoni ya ndani wakunje wafunge, kisha nailoni ya pili, kisha mfuko wa nje. Kila mmoja afunge, sio mwenyekiti wa kikundi afunge wengine wanapiga picha. Hapa rudia mara mbili tatu kwamba mfuko haukaushi mahindi wala hautoi sumu iliyokwishaingia, ukifungia mabichi yataoza humo humo na lawama utabeba wewe.

Sasa mgeni rasmi. Huyu ndo anakula semina nyingi kuliko umeme, unapanga saa 3 anafika saa 5 na hotuba ya kurasa 8. Mimi ningemuweka jioni kufunga, aje akute watu na chupa zao wamuonyeshe. Kama itifaki haikuruhusu, wewe anza tu na makundi, akifika mnasimama anasema anaondoka mnaendelea.

Tarehe: mwezi wa 4 mahindi bado yako shambani, ukiweza sogeza mwishoni mwa wa 5 wakiwa wanakaribia kuvuna, somo lisije likasahaulika. Epuka siku ya mnada na Ijumaa.

Posho usiifiche wala usiionee aibu, mtu ameacha kibarua chake. Iandike kwenye barua ya mwaliko kabisa, nauli kiasi gani, chakula kipo, na inatoka saa ngapi. Kama hakuna posho ni nauli tu, sema ni nauli tu, watakaokuja watakuja wanajua. Ilipwe mwisho wa siku, wote kiwango kimoja kwa saini, na anaelipa asiwe wewe maana wewe bado utakuwa unajibu maswali ya mifuko.