Usizungushe kranki hedi ikiwa mezani

Mwambie fundi wako aache sasa hivi. Umeandika kwamba hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ya Peugeot 504 ya marehemu baba yako iko mezani, na fundi anazungusha kranki, mhimili unaopandisha na kushusha pistoni, kwa spana ili pistoni zipande mbili mbili azipige msasa kabla hamjanunua ringi, zile pete za pistoni. Nilipofika hapo mwili ulinisisimka, maana mkosi wangu ulianzia papo hapo. Mpigie kwanza, kisha urudi usome.

Hiyo si injini ya Corolla. Kwa Toyota silinda zimechongwa kwenye bloku yenyewe. Zikilika unazipanua kidogo, unatia pistoni kubwa zaidi, maisha yanaendelea. Kwa 504 ya petroli, hii ya cc 1971, kila silinda ni slivu ya peke yake, bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 88 lililotumbukizwa kwenye bloku, maji yakilizunguka. Chini limekalia ukingo wa bloku juu ya sili, pete ya kuzuia maji, nyembamba kama karatasi. Juu halishikwi na chochote ila hedi. Sasa wewe umeondoa hedi, halafu kranki inazungushwa: ringi zinaikamata slivu na kuinyanyua. Inapanda kiasi cha unywele, jicho halioni. Sili inachanika, kutu na mchanga vinapenya chini yake, na slivu ikishuka haikai tena ilipokuwa.

Yangu ni 504 GL ya 1979. Nilimpa fundi mwenye sifa mtaani, Nissan na Toyota anazifungua gizani. Nilimwuliza mara mbili kama Peugeot ina mambo yake. Akanijibu, "Injini ni injini, bosi." Neno hilo linanichoma mpaka leo, kwa sababu alilisema akinitazama usoni na hajui kitu. Na muuza spea naye! Nilikwenda kuulizia sili za chini za slivu, akaniambia hazina haja, pakeni silikoni. Zile sili zina unene tofauti kwa makusudi, ndizo zinazoamua slivu isimame kimo gani. Silikoni haina kimo. Yeye aliniuzia kopo la silikoni na gasketi ya hedi, akanitakia safari njema.

Gari liliwaka, likanguruma vizuri. Wiki ya pili nikaondoka Mombasa kwenda harusini Voi na familia ndani. Tulipopita Mariakani mshale wa joto ukaanza kupanda. Mackinnon Road, karibu na msikiti wa Sayyid Baghali, moshi mweupe ulitufunika hata kijana mmoja akaja kuuliza mahindi ya kuchoma bei gani. Cheka ukitaka, lakini nilipochomoa kijiti cha oili kilitoka na chai ya maziwa. Maji yalikuwa yamepita chini ya slivu hadi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, na oili iliyochanganyika na maji haibebi beringi. Zilikwisha zote, na kranki ikapata makovu. Ovaholi ya kwanza ilinigharimu shilingi 95,000. Ya pili, pamoja na kuvutwa hadi nyumbani na kusaga kranki, ilifika 160,000.

Wala usiseme injini ni mbovu. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na barabara za mbio zile wazijua. Injini ni ngumu, ila inataka kupimwa.

Aliyenitoa shimoni ni mzee aliyeshughulikia hizi Peugeot tangu enzi za teksi za viti saba. Kitu cha kwanza alichotoa kwenye sanduku ni geji, ile yenye uso kama saa. Aliiweka juu ya bloku, akaiseti sifuri, akaisogeza kwenye mdomo wa slivu, akapima sehemu nne kila moja. Slivu lazima ijitokeze juu ya bloku kwa kipimo cha kitabu, sehemu za mia za milimita, na zote nne zilingane. Ya tatu yangu ilikuwa chini ya jirani zake, kwa hiyo gasketi haikuibana na moto ukapita. Alizitoa zote, akasafisha ukingo, akapima bila sili, akachagua sili, akapima tena. Kisha akazibana kwa bolti za hedi zilizovishwa vipande vya bomba na washa nene, ndipo akagusa kranki.

Kwa hiyo: slivu zibanwe, kimo kipimwe mbele ya macho yako, hedi ifungwe baadaye. Fundi asiye na geji hiyo asifunge injini yako. Na kwa vile zako zimeshachezewa, hesabu kwamba sili zimekufa. Zitoeni hata kama zinaonekana zimetulia.

Gia boksi ya Peugeot 505 yenye gia tano uliyoulizia itasubiri. Kumbuka tu kwamba kwenye 504 shafti imo ndani ya bomba linalounganisha gia boksi na difu, ile ya magurudumu ya nyuma, basi usilipie kabla ya kulinganisha meno ya shafti na urefu wake. Habari ya kabureta tutaizungumza siku nyingine.

Fundi amezungusha mara ngapi? Na akishapima, niandikie hapa namba za slivu zote nne kabla hajaishika hedi.