Sanamu yangu ningempa mpagazi

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: ungepewa nafasi ya kusimamisha sanamu moja tu ya kumkumbuka Mwafrika wa zamani, ungemchagua nani, na ungeiweka wapi? Najua wengi watawataja watawala na majemadari: Mirambo, Mkwawa, Shaka Zulu, Malkia Nzinga. Wanastahili. Mimi, mzaliwa wa Tabora, namchagua mpagazi wa Kinyamwezi, yaani mbeba mizigo wa misafara, na sanamu yake ningeiweka mbele ya stesheni ya reli ya mji wetu.

Mpagazi amesahauliwa, na pale anapokumbukwa anakumbukwa vibaya. Ile picha ya watu waliofuatana mstari mmoja na pembe za ndovu mabegani wengi tumeiona darasani, tukachukulia moja kwa moja kwamba wote ni watumwa. Wapo waliobebeshwa pembe wakiwa na minyororo shingoni, na hilo lisifichwe hata kidogo. Lakini katika njia kuu ya kati, ile ya Ujiji, Tabora hadi Bagamoyo, sehemu kubwa ya mizigo ya karne ya 19 ilibebwa na watu huru, kwa ujira. Wanyamwezi walikuwa wakiteremka pwani na misafara yao na pembe zao wenyewe kabla Mzungu yeyote hajaiona Tabora. Waliondoka baada ya mavuno, wakipiga hesabu ya kurudi kabla ya mvua za kulimia. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto.

Na kazi ilikuwa na ufundi wake. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, na hapo hujaweka mkeka, chungu, posho na silaha ya mwenyewe. Watu wa pwani walijitwika kichwani. Mnyamwezi alibeba begani. Bunda la merikani, yaani kitambaa cha pamba, lilikunjwa likawa refu na gumu, likafungwa kwa kamba za magome katikati ya vijiti vilivyochomoza upande wa chini. Wakati wa kupumzika aliusimamisha mzigo kwa vijiti hivyo na kuuegemeza mtini. Nguo haziguswi na tope, naye akiondoka haimlazimu kuinama hadi chini kuunyanyua. Aliyebuni vijiti vile aliufikiria mgongo wake na mali ya tajiri kwa pamoja.

Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera nyekundu mkononi, amejipamba kwa ngozi na manyoya, wala hakuna aliyethubutu kumpita. Nyuma yake zilifuata pembe, kisha nguo na shanga. Alfajiri kambi iliamshwa kwa makelele ya "Pakia! Pakia! Safari leo!" na zilikuwa zaidi ya kilomita 800 kati ya Bagamoyo na Tabora.

Haki zao walizijua. Ujira ulipatanwa kabla ya kuondoka, na posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo za kubadilishana na chakula njiani. Tajiri akiibana posho, mizigo ilitua chini na msafara haukusogea mpaka yaishe. Wazungu waliowaajiri walijaza kurasa wakilalamikia "uvivu" na "ukaidi" wa wapagazi. Mimi nikiyasoma malalamiko yale naona mgomo. Historia ya migomo yetu tumezoea kuianzia kwa makuli wa bandari za Mombasa na Dar es Salaam, mwaka 1939 na 1947. Ingefaa ianzie njiani, Ugogo na Mgunda Mkali, ile nyika kavu kati ya Ugogo na Tabora.

Njia hiyo ndiyo iliyokieneza Kiswahili bara kabla ya shule na serikali. Ndiyo iliyokomaza utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, maana aliyeugua au kufa ugenini alihitaji mtu wa kumstiri, na mtani hawezi kukataa. Ngelengwa, yaani Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa Kisumbwa, alifuata njia za misafara mpaka Katanga akasimamisha dola yake Bunkeya. Wayeke wapo Kongo hadi leo.

Wachache katika watu wa misafara majina yao yalibaki, na hapa naomba nafasi kidogo. David Livingstone alipofariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani na kuufunga ndani ya gome. Kisha wakaanza safari ya pwani. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, walimkuta Mwingereza, Luteni Cameron, akawashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Mbele zaidi njiani, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wakafunga mzigo wa uongo wa mabua ya mtama, wakaurudisha Kwihara kana kwamba ndio maiti inakwenda kuzikwa, na waliotumwa wakayatupa mabua porini. Mwili wenyewe ukafungwa upya ukaonekana bunda la nguo. Ni watu wanaoijua mizigo tu wangeweza kufanya hivyo. Walifika Bagamoyo Februari 1874, wakalipwa ujira wao, na kazi ikaishia hapo. Jacob Wainwright peke yake katika kundi lile ndiye aliyekuwapo mazishini Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yameshapita.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na ajira ile ikafa. Miaka miwili baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, na upagazi ukarudi kwa kulazimishwa, bila kupatana chochote. Makumi ya maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake limetoka huko, kwa "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza. Sanamu ya Askari mjini humo, ya mwaka 1927, inawataja wapagazi kwenye maandishi yake, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Juu amesimama askari na bunduki peke yake. Nairobi angalau mbeba mizigo amepewa nafasi kando ya askari.

Kwa hiyo Tabora tumweke mpagazi mwenyewe. Begani awe na bunda la merikani pamoja na vile vijiti, si pembe, maana pembe ndizo zilizotupotosha. Shingoni pasiwe na kitu. Kando yake awepo mke wake na chungu na mzigo wa posho, kwa kuwa wake wengi walisafiri na kubeba. Maandishi yawe ya Kinyamwezi na Kiswahili, na yaseme wazi kwamba huyu alikuwa mfanyakazi aliyelipwa.