Ukizidiwa Baada ya Kuanza ARV, Usiziache

Wiki ya pili hadi ya nne baada ya mtu kuanza ARV ndiyo ninayoihofia kuliko nyingine zote. Mgonjwa alikuja kliniki akitembea mwenyewe, amekonda, ana homa ndogo ya jioni. Ameanza dawa, siku za kwanza amepata nafuu, chakula kinapanda. Halafu homa inachachamaa, tezi za shingo zinavimba, kikohozi kilichotulia kinarudi kwa nguvu. Nyumbani kinakaliwa kikao, na hakosekani wa kusema, "Hizo dawa ndizo zinazomuua." Vidonge vinafungiwa kabatini. Akirudishwa kwetu baada ya miezi, mara nyingi hali imeharibika sana.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kuambukiza, na sehemu kubwa ya wiki yangu inapita maabara nikichunguza kinga ya mwili. Ningependa kila anayeanza ARV, na kila anayemuuguza, aelewe kinachotokea katika wiki hizo.

VVU huua chembe za CD4, zile zinazoziongoza chembe nyingine za kinga katika mapambano. CD4 zikishuka chini ya 100 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu, vimelea vya TB vinaweza kuzagaa mwilini bila kelele, kwa sababu homa kali na uvimbe huletwa na mwili unaopigana. Mwili usiopigana hunyamaza. Ndiyo maana picha ya kifua ya mgonjwa wa namna hii inaweza kuonekana safi ilhali TB anayo. ARV zikiingia, virusi hupungua haraka, CD4 huanza kupanda, na kinga inayozinduka huwakuta wavamizi iliokuwa haiwaoni. Hushambulia hata mabaki ya vimelea vilivyokwisha kuuawa na dawa za TB. Madaktari huiita hali hii IRIS. Wengi wanaoanza ARV hawaipati. Walio hatarini zaidi ni wale waliochelewa kupima, CD4 zao zikiwa chache mno.

Mama mmoja aliletwa na mdogo wake, shingo imevimba upande mmoja. Nilipomwamkia alijibu, "Marahaba daktari. Mara ya kwanza nilikuja kwa miguu yangu, leo nimebebwa." Alikuwa tayari anatumia dawa za TB. Hatukukimbilia kusema ni IRIS. Ilibidi kwanza tujue kama TB yake ni sugu, kama anameza dawa zote, kama ini liko salama, kama hakuna ugonjwa mwingine uliojificha. Tulipojiridhisha, tulitoa usaha kwenye tezi, tukampa predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na ukali wa kinga, kwa uangalizi, na dawa zote za awali zikaendelea. Uvimbe ulipungua polepole. Nilipomweleza sababu, aliuliza, "Kwa hiyo damu yangu imeamka?" Tangu siku hiyo nawaeleza wagonjwa wengine kwa maneno yake.

Hiyo predinisoloni, tafadhali, usijinunulie duka la dawa kwa sababu jirani ilimsaidia. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba predinisoni, dawa ya jamii yake, ikitolewa kwa wiki 4 kwa wagonjwa wa TB wanaoanza ARV wakiwa na CD4 zisizozidi 100, wanaopata IRIS hupungua kutoka karibu 47 hadi 33 katika kila 100. Hao walichaguliwa na kufuatiliwa kwa karibu. Mwenye saratani ya Kaposi, ile inayotoa mabaka na uvimbe kwenye ngozi, dawa za namna hii zinaweza kumzidishia. Na katika homa ya uti wa mgongo ya fangasi, dawa ya jamii hiyo ilijaribiwa kwenye nchi kadhaa za Asia na Afrika, Uganda na Malawi zikiwemo, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda kwa sababu ilikuwa inadhuru.

Hapo kwenye fangasi ya uti wa mgongo nataka nikae kidogo. Dalili yake kuu ni maumivu ya kichwa yasiyosikia panadol, yanayozidi siku hadi siku, baadaye kutapika, kuona mawilimawili, kuchanganyikiwa. Mwenye dalili hizi aseme kabla hajapewa ARV, hata kama amechoka kuulizwa maswali. Kwa TB ya mapafu tunaharakisha ARV, ndani ya wiki 2 tangu dawa za TB zianze, kwa kuwa kusubiri kunaua zaidi. Kwa fangasi hii ni kinyume. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliotolewa mwaka 2014 uliwagawa wagonjwa 177: walioanza ARV mapema, ndani ya wiki 1 hadi 2, 45 katika kila 100 walikuwa wamefariki kufikia wiki ya 26, waliosubiri kama wiki 5, ni 30. Kwa hiyo daktari akikwambia "ARV subiri kwanza, tutibu kichwa", hakunyimi dawa.

Na kutolewa maji ya mgongo hakuui. Najua hofu hii ilivyo kubwa. Nimekaa na ndugu ukumbini mwa wodi nikiwasihi. Wanamkumbuka aliyechomwa sindano ile akafa kesho yake. Aliuawa na ugonjwa, na mara nyingi alichomwa akiwa amechelewa. Fangasi huongeza shinikizo ndani ya fuvu, na kutoa maji yale, wakati mwingine kila siku, ni sehemu ya tiba yenyewe. Wapo wanaoanza kuzungumza vizuri na kichwa kupoa siku hiyohiyo.

Jambo dogo linalosahaulika sana: anayetumia dawa za TB zenye rifampisini pamoja na ARV zenye dolutegravir huongezewa kidonge cha dolutegravir cha jioni, kwa sababu rifampisini hulifanya ini liiondoe dawa hiyo haraka. Kidonge hicho si cha ziada cha kuachwa ukijisikia vizuri.

Ukizidiwa, basi, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Njoo na kadi, pakiti zote unazomeza, na dawa za mitishamba kama zipo, hatutakugombeza. Kumbuka tarehe uliyoanza ARV na ile ya kuanza dawa za TB, kwani pengo kati ya hizo mbili ndilo swali langu la kwanza. Ukipumua kwa shida, macho yakiwa ya njano, au kichwa kikiuma huku maneno yakichanganyika, njoo usiku huohuo, na anayekuleta aje na vidonge vyako mkononi.