Nakimbia kilomita tano kila asubuhi: je, Kilimanjaro nitaiweza?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mhasibu, nina miaka 43, naishi Tabata, Dar es Salaam. Ofisini tumepanga kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku tano, ili tuwe kileleni asubuhi ya tarehe 9 Desemba. Nimebakiwa na miezi minne. Nakimbia kilomita tano kila asubuhi bila shida, na wenzangu wanasema nikifikisha ishirini na moja mlima utakuwa mteremko. Nina presha, natumia dawa kila siku na imetulia. Je, mazoezi haya yanatosha? Na hiyo dawa ya mlimani ninayoisikia, Diamox, ninywe au niache?

JIBU: Dada, umefanya vizuri kuuliza mapema; wengi hutuuliza sisi waongozaji haya wakiwa wameshafika getini. Mbio zako usiziache, zinajenga moyo na pumzi. Lakini Kilimanjaro inawashinda watu kwa mambo mawili ambayo mbio hazigusi sana: kupanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea hewa nyepesi, na kushuka na magoti ambayo hayakuandaliwa. Hilo la kwanza halina zoezi. Mkimbiaji wa marathoni na mtu wa kiti cha ofisini wanaweza kuumwa kichwa kimoja pale Horombo, kambi ya pili ya njia yenu, na mara nyingi mkimbiaji ndiye anayeanza, kwa kuwa miguu yake inamruhusu kwenda mbio.

Ratiba yenu ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko miguu yako. Kambi ya Mandara iko kama mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kwa siku tano mtakuwa mnalala kila usiku mita elfu moja juu ya mlipolala jana. Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya usiku mmoja na unaofuata. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Tabata. Mwili una namna yake ya kujipanga, lakini unadai muda, na ninyi mnatoka usawa wa bahari.

Kwa hiyo ombeni siku ya sita. Mnalala Horombo mara mbili, na mchana wa katikati mnatembea hadi Mawe ya Pundamilia, kwenye mita 4,000 hivi, kisha mnarudi chini kulala. Tarehe yenu haiharibiki: mnaingia geti la Marangu tarehe 5 badala ya 6, mnalala Kibo tarehe 8, na alfajiri ya tarehe 9 mko juu. Naijua thamani ya siku hiyo. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliupeleka Mwenge wa Uhuru na bendera kileleni, na kila Desemba Watanzania wanapanda kwa fahari hiyo. Siku ya ziada ina gharama, kiingilio cha hifadhi, chakula, ujira wa wagumu, yaani wapagazi. Hata hivyo, kama ofisi ina hela ya nyongeza kidogo tu, iende hapo kabla ya fulana za kufanana.

Sasa magoti. Usiku wa kilele mnatoka Kibo kama saa sita usiku, mnapanda mita 1,200 hivi kwenye kokoto za volkano zinazorudi chini kila unapokanyaga. Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, mnafika karibu na macheo, na kilele chenyewe, Uhuru, baada ya saa moja na nusu au mbili zaidi. Watu wengi hujiandaa kwa sehemu hiyo tu. Kumbe siku hiyohiyo, bila kulala, mnatakiwa kushuka hadi Horombo, kilomita 15 hivi, zaidi ya mita 2,100 kwenda chini. Hapo ndipo mapaja yanapotetemeka na kucha za vidole gumba kuwa nyeusi.

Kwa hiyo punguza mbio ziwe mara mbili au tatu kwa wiki, na nafasi inayobaki iwe ya ngazi. Jengo lolote la ghorofa linakufaa. Panda kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima, ushuke kwa miguu, usitumie lifti, maana kushuka ndiko kunakofundisha paja kubeba uzito. Mgongoni weka begi la kilo tano, baadaye sita au saba. Jumamosi tembea kwa muda wa saa nne, ukiongeza polepole wiki hadi wiki mpaka ufikishe muda wa saa sita, na Jumapili utembee tena ukiwa bado umechoka. Mara moja au mbili panda SGR mpaka Morogoro uende Uluguru. Ile miteremko yenye utelezi ni mwalimu mzuri. Wiki ya mwisho pumzika. Anayefanya mazoezi makali siku tatu kabla ya safari anakuja kwetu na misuli iliyochoka.

Kuhusu presha: mimi ni mwongozaji, si daktari, na hapa lazima umwone daktari akiwa na majina ya dawa zako mbele yake. Presha iliyotulia kwa dawa haikufungii mlima. Ila aina ya dawa ina uzito. Zile za kukojoza zinakausha mwili mahali ambapo unapoteza maji kwa kila pumzi, na zile za kundi la atenolol zinazuia moyo kwenda kasi pale unapotakiwa kwenda kasi. Usiache wala kubadilisha dawa mwenyewe. Mwombe pia akupime wingi wa damu na selimundu (sikoseli). Hili la selimundu vitabu vya wageni hulipita haraka, lakini kwetu lina maana kubwa: mgonjwa wa selimundu hapaswi kupanda kabisa, na hata mwenye kuirithi upande mmoja tu, asiyeumwa maisha yake yote, bandama lake linaweza kukosa damu akiwa juu. Akipata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, anashushwa wakati huohuo.

Diamox inasaidia mwili kuzoea hewa nyepesi haraka kidogo. Dozi ya kukinga inayoandikwa mara nyingi ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Nayo inakojoza, ndiyo maana daktari lazima ailinganishe na dawa zako za presha. Kama uliwahi kutoka vipele au kuvimba baada ya kunywa dawa zenye salfa kama SP au Septrini, mwambie mapema. Ukiruhusiwa, ijaribu siku mbili ukiwa nyumbani. Vidole vikichomachoma na soda ikakosa ladha, ni kawaida yake. Ninachowasisitizia wateja wangu ni kwamba hata aliyemeza Diamox anaumwa akipandishwa haraka.

Ukiwa juu, sema ukweli. Kichwa kuuma kidogo na chakula kutopita ni jambo la kawaida, lakini mwongozaji aambiwe, na usipande zaidi mpaka yaishe. Pale Kibo nikimtilia mtu shaka, namwambia atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole, hatua kumi. Akiyumba kama mlevi, au akihema hali amekaa, au akikohoa povu lenye wekundu, hakuna kusubiri kukuche. Anashuka usiku huohuo.

Vifaa havihitaji mtaji mkubwa. Viatu nunua sasa, vipite ukubwa wako kidogo, uvae kwenye hayo mazoezi ya ngazi. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani, zikilowa hazikauki, na mwanzoni mwa Desemba mvua ya vuli bado inaweza kuwakuta msituni na theluji juu. Koti zito na begi la kulalia vinakodishwa Moshi. Usiku wa kilele weka chupa ya maji kichwa chini ndani ya soksi, kwa sababu barafu huanzia juu. Na simu ilale kifuani, baridi inamaliza chaji.

Kabla hamjalipa, iulizeni kampuni ina mtungi wa oksijeni na kipimo cha kidoleni kinachoonyesha oksijeni ya damu, na waongozaji wangapi kwa kundi lenu. Atakayeumwa lazima ashushwe na mwongozaji, na kama yuko mmoja tu, ninyi nyote mnageuka naye.